Mtungo wa Sita

Sajini Mwongeli alihesabu mitungo iliyoning'inia ukutani, akamaliza, akaanza upya. Sita. Jana ilikuwa sita, na leo Jumanne ni sita. Misumari mitatu ya kushoto ilikuwa ya Munyoki, mitatu ya kulia ya Fartun, kila msumari na jina la mwenyewe kwa penseli ya fundi mbao. Sakafuni, pale mzee Mbaluka alipokutwa amelala kifudifudi, vumbi la mbao lilikuwa limevurugwa kama mahali walipopigana kuku.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja tu, chini kabisa ya ghorofa ndefu pale Kware. Jua halikuwa na habari na chumba hicho. Saa tatu asubuhi taa ilikuwa inawaka, na ukichungulia dirishani huoni mbingu, unaona ukuta wa jirani na nguo za watu zikidondosha maji. Orofa ya tatu, mtu alikuwa ametundika shuka kwenye kamba mpya ya kung'aa, na tone moja moja likaanguka kwenye kizingiti cha dirisha, to, to, to, kama saa mbovu.

Humo ndani, mbali na bahari mwendo wa basi usiku kucha, ndimo Mbaluka alimochonga samaki wa kudanganyia samaki.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mzee alichonga vichwa vya mbao, kila kimoja kama kiganja cha mtoto kilichofumbwa, akavitoboa na kuvitia risasi ili viwe na uzito. Fartun na Munyoki, mafundi wake, walivivalisha sketi za mpira zenye nyuzinyuzi, mfano wa ngisi, kisha wakavitunga vitano vitano kwenye mshipi mnene wa nailoni, kimoja nyuma ya kingine. Mbele ya kila kichwa walibana pete ndogo ya shaba kwa koleo ili kisitembee. Vichwa vinne havikuwa na ndoana. Hao walikuwa kundi la ngisi wanaokimbia tu. Wa tano, yule wa nyuma anayeonekana kuachwa na wenzake, ndiye aliyeficha ndoana. Mashua za Pwani ziliukokota mtungo huo huko kwenye kina kirefu, na samaki mkubwa akija humfuata yuleyule aliyechelewa.

Sasa aliyechongewa jeneza ni mchongaji. Jumapili alasiri, wakati spika za kanisa la jirani zinatikisa vioo vya mtaa mzima, mtu alimkaza mzee shingo kwa kitu chembamba, laini, kigumu. Daktari alisema ni mshipi wa aina hii hii. Mshipi wenyewe haukuonekana.

Simu ya Mwongeli ikalia. Alikuwa Inspekta Ndete, mkubwa wake.

"Mwongeli, uko wapi?"

"Kware, afande."

"Bado? Gari la mahakama linatoka saa nane kamili. Yule msichana Fartun akishasomewa shtaka, tumemaliza. Ufunguo wa pili wa karakana anao yeye. Jirani ameona mwanamke wa buibui kwenye ngazi Jumapili. Na ule mtungo aliouacha nusu Jumamosi, sisi Jumatatu tumeukuta mzima kwenye msumari wake. Nani aliumaliza, malaika?"

"Hilo ndilo ninalotafuta, afande. Na hao wa buibui, jengo hili peke yake lina ishirini."

"Saa nane," Ndete akasema, akakata.

Mwongeli alivaa glavu, akauteremsha mtungo wa sita, ule wa mwisho kulia. Akauteremsha na jirani yake, wa tano. Akautia kila mmoja kwenye mfuko wake, akaandika, akatia sahihi. Kisha akachukua kipande cha nailoni kipya, vichwa viwili, pete za shaba na koleo, akafunga mlango.

*

Nje ya kituo, kwenye benchi la mbao, mama mmoja alikuwa anabembeleza mtoto asiyebembelezeka. Alikuwa Khadro, mama yake Fartun, na mtoto ni Ladan, binti wa Fartun, wa miezi saba. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha, amebaki na mdomo wazi tu.

"Chupa hataki," Khadro akasema. "Tangu jana. Afande, wewe ni mzazi. Nimpe nini?"

Mwongeli aliitazama saa yake. Akapita.

Fartun aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, msichana mfupi wa miaka ishirini na mbili, mtandio umemkaa upande. Kifua cha nguo yake kilikuwa kimelowa maziwa, na alikifunika kwa mikono iliyokunjwa.

"Jumamosi uliuacha mtungo wa sita umefika wapi?"

"Vichwa viwili. Vilibaki vitatu. Nikasema nitamaliza Jumatatu, mtoto ananingoja."

"Tumeukuta umekamilika."

"Nimeambiwa. Mara kumi nimeambiwa." Fartun akainua uso. "Afande, kama mimi nimemuua mzee, nikae kando ya maiti yake nimalize kazi? Ili iweje? Aamke anisifu?"

"Viganja vyako vina mikato."

"Mtazame Munyoki vyake. Nailoni inakata. Kila Jumamosi tulipakana mafuta ya nazi, mzee ndiye anayenunua."

"Mzee alikuwaje hiyo Jumamosi?"

Fartun alifikiri. "Kimya. Asubuhi alikwenda dukani kwa Salad, anayetuletea nailoni na kupeleka kazi zetu Pwani. Aliporudi hakushika patasi. Saa ya chai akatega kitendawili. Hiyo ilikuwa kawaida yake. Kila saa ya chai anatega, ukishindwa unampa mji, anakupa jibu. Lakini siku hiyo hakutega kwa kucheka."

"Alisemaje?"

"Alisema: nina kipimo nilichozaliwa nacho, dukani hakiuzwi, jirani haazimi, na siku nikifa nitazikwa nacho."

"Mkajibu nini?"

"Mimi nikasema kivuli. Akasema kivuli asubuhi kirefu, mchana kifupi, hicho ni kipimo cha wezi. Nikampa mji, nikampa Garissa. Akakataa. Akasema leo sitaki mji wako, namngoja Munyoki. Munyoki akasema hana muda wa michezo ya watoto. Mzee akamwambia, haya, nakungoja mpaka Jumatatu."

Mwongeli aliweka mezani nailoni, vichwa, pete na koleo.

"Nitungie."

"Hapa?"

"Kama unavyotunga kila siku. Usiharakishe."

Fartun alivuta pumzi, akaanza. Akapitisha kichwa, akabana pete kwa koleo, mara mbili, krik krik. Kisha, bila kufikiri, akaegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza, akaunyoosha mshipi juu ya mkono wake mpaka ncha ya kidole cha kati, akashika hapo, akabana pete ya pili.

"Nani alikufundisha kufanya hivyo?"

"Kufanya nini?"

"Basi. Inatosha."

Mwongeli alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni. Kutoka pete hadi pete: sentimita arobaini na mbili. Akaufungua mfuko wa mtungo wa tano, uliokuwa kazi ya Fartun ya Ijumaa. Arobaini na mbili, mwanzo mpaka mwisho. Akaufungua wa sita. Arobaini na nane. Akapima nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Arobaini na nane zote, bila kupungua hata unywele.

Akakunja futi. Fartun alikuwa anamtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari.

"Afande, nirudishiwe mtoto?"

"Bado," Mwongeli akasema. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano kasoro.

Kwenye korido alisimama, akapiga simu mochari.

"Yule mzee wa Kware, Mbaluka. Nipimie mkono wake. Kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati."

"Mkono?" mhudumu akauliza. "Wenzako wanataka shingo, wewe mkono? Unamshonea koti?"

"Nipimie."

Akasikia viatu vya mpira, droo ikivutwa, mtu akipiga mluzi. Kisha: "Arobaini na tano. Umekakamaa lakini umenyooka."

Basi mzee hakuumaliza mtungo wa msichana kwa huruma yake. Mkono mwingine uliutunga wote, mrefu kuliko yote miwili.

*

Duka la Salad lilikuwa mtaa wa Isili, orofa ya pili, limejaa nyavu, ndoana na mipira ya kuelea, utadhani bahari iko nyuma ya pazia. Salad mwenyewe alikuwa mtu mnene wa makamo, na ndiye aliyeukuta mwili Jumatatu asubuhi alipofuata kazi yake. Alipomwona Mwongeli aliweka kikombe chini.

"Dada, walahi, nimeshaandika taarifa mara mbili."

"Ya tatu ni fupi. Jumamosi mzee alikuja hapa kufanya nini?"

Salad akafunga mlango wa duka kwanza.

"Kuna mtungo ulirudishwa kutoka Kilifi. Ulikuwa umeshika nduaro, samaki mkubwa hivi, kilo mia na zaidi. Baharia ameushika mshipi mkononi wanamvuta samaki karibu. Pete ya mwisho, ile iliyoshika ndoana, ikateleza. Samaki akaenda na ndoana. Ule mshipi ulivyokuwa umekazwa, ukarudi nyuma na vile vichwa vya mbao vyenye risasi. Kama kombeo. Kimoja kikampiga baharia hapa." Akagusa kipaji cha uso. "Siku ya tatu akafa. Ameacha watoto wanne."

"Uko wapi huo mtungo?"

Salad akauleta, umefungwa kwa gazeti. Vichwa vinne, mwisho wa mshipi umebaki mtupu. Kimoja cha vichwa kilikuwa na doa jeusi.

"Mzee alizitazama pete," Salad akasema. "Akaniambia, Salad, hizi si shaba, hii ni alumini imepakwa rangi. Shaba hainepi namna hii. Kisha akafanya jambo la ajabu. Akauweka mtungo juu ya mkono wake, hivi, akatikisa kichwa. Akaomba futi. Akapima, akakaa kwenye hilo gunia muda mrefu. Nikamwuliza, ni kazi ya nani? Akasema, ni ya mtoto wangu, na atakuja kuniambia mwenyewe."

"Mtoto gani?"

"Hana mtoto, dada. Labda aliwaita hivyo wale wawili."

Mwongeli alipima. Arobaini na nane.

"Nyoosha mkono wako, Salad."

"Wangu? Mimi hata sindano sijui kutunga!"

"Nyoosha."

Arobaini na tatu, pamoja na nyama zake zote. Salad alibaki ameunyoosha mkono hewani, hajui kama amefaulu au ameanguka.

*

Saa saba na dakika ishirini Mwongeli alikuwa anapanda ngazi za ghorofa ile ile ya Kware, nyuma yake Konstebo Waithera, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Orofa ya tatu, mlango wa kijani. Munyoki akafungua kabla hawajabisha mara ya pili. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, kichwa chake kinakaribia kizingiti cha juu.

"Niaje, afande. Mnashinda hapa siku hizi kama mwenye nyumba. Si mmeshamshika yule manzi?"

"Tumemshika. Kesi yake inakwenda leo. Nimebakiza jambo dogo la kitaalamu, na fundi amebaki wewe peke yako."

Maneno hayo yalimpendeza. Akawakaribisha mpaka kwenye kibaraza cha nyuma, palipokuwa na stuli mbili na meza ya kufanyia kazi. Shuka zilikuwa zimening'inia juu ya vichwa vyao, bado mbichi.

"Nionyeshe mtungo unavyotungwa," Mwongeli akasema, akamwekea vifaa. "Hakimu atauliza, na mimi mtu wa Makueni, bahari nimeiona kwenye kalenda."

Munyoki akacheka. Alikuwa fundi kweli. Vidole vyake vilikimbia. Akapitisha kichwa, krik krik, akaegemeza kiwiko mezani, akaunyoosha mshipi hadi ncha ya kidole cha kati, krik krik. Kichwa cha pili. Cha tatu. Huku anaongea.

"Yule manzi ni mwepesi wa mkono, lakini ana hasira. Mzee alimpenda, lakini... sijui. Watu hawajulikani."

"Jumapili ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nimelala. Waulize majirani."

"Majirani wengi walikuwa kanisani, na waliobaki wamezibwa masikio na spika. Lete nione."

Akampa. Mwongeli akatoa futi, akapima polepole, kila nafasi. Akatoa mfuko wa mtungo wa sita, akaulaza mezani kando ya ule mpya. Pete zikalingana, moja kwa moja, kama ngazi mbili za fundi mmoja. Akatoa na ule wa Kilifi wenye doa. Ukalingana nao.

Munyoki aliitazama mitungo mitatu. Hakuelewa. Mwongeli aliona wazi kwamba hakuelewa.

"Huu wa katikati ulikuwa kwenye msumari wa Fartun," Mwongeli akasema. "Umetungwa na mkono huu huu ulionitungia sasa hivi."

"Mkono hauna sahihi, afande."

"Kamba yako ya nguo ni mpya."

Koleo ikaanguka sakafuni. Waithera akasogea, akaujaza mlango.

Mwongeli aliinua pembe ya shuka, akaisukuma kando. Kamba ilikuwa nailoni nene, ya kung'aa, imefungwa ukuta hadi ukuta. Karibu na msumari wa kushoto, pete mbili za shaba zilikuwa zimeng'ang'ania mshipi. Vichwa vilikuwa vimepasuliwa na kutolewa, lakini pete iliyobanwa na koleo haitoki mpaka uukate mshipi wenyewe, na aliyeutaka mshipi mzima aliziacha. Akapima kati ya pete na pete.

"Arobaini na mbili," akasema. "Hizi alizibana Fartun, Jumamosi, kabla hajaenda kumnyonyesha mtoto wake. Ulimnyonga mzee kwa huo mtungo wa Fartun ulioachwa nusu, ukapanda nao huku, ukautundikia shuka. Kisha ukatunga mwingine mzima, ukauweka kwenye msumari wa msichana, ili tuseme alirudi."

Munyoki alikaa kwenye stuli. Maji ya shuka yalimdondokea begani na hakuyafuta.

"Shaba ilikuwa imekwisha," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na meza. "Nilikuwa na pete za alumini, nilitoka nazo kiwandani, kule mtaa wa Kwa Reuben. Nikapaka rangi. Mtungo mmoja tu, afande. Mmoja."

"Na Jumapili?"

"Mzee hakungoja hiyo Jumatatu, aliniita. Akanipa chai. Akasema baharia amekufa na mimi ndiye niliyetunga. Akasema twende wote Kilifi, basi la usiku, nikawaambie wenyewe kwa mdomo wangu. Atanishika mkono, akasema. Atakaa kando yangu. Nikamwuliza, nani amekwambia ni mimi? Akacheka tu, akanigeuzia mgongo atafute koti lake. Nikajua ni Fartun ameniuza."

"Hakuna aliyekuuza."

"Sasa alijuaje?" Munyoki akainua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana mtu anayetaka kujua jambo kwa moyo wake wote. "Mwaitu, nakuuliza kama mama yangu. Alijuaje?"

"Alikutegea Jumamosi. Akakupa mpaka Jumatatu."

Munyoki alijaribu. Mwongeli alimwona anajaribu, midomo inacheza, anakitafuta kipimo kisichouzwa dukani, huku kiwiko chake bado kimekaa kwenye ukingo wa meza na kidole kimenyooka mpaka kwenye pete ya shaba.

"Nimeshindwa," akasema. "Chukua mji."

"Si wangu wa kuchukua. Waithera, mfunge."

Akapiga simu huku anateremka ngazi mbili mbili. Iliita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena.

"Afande Ndete. Lisimamisheni gari."

*

Gari lilikuwa limeshawashwa injini. Fartun aliteremshwa kutoka benchi la nyuma, pingu zikafunguliwa pale pale uwanjani, na Khadro hakungoja kuruhusiwa. Alimtupia mtoto mikononi. Ladan hakulia. Alishika titi kama mtu anayezama anavyoshika ubao, na pakawa kimya uwanja mzima, hata dereva akazima injini.

Baadaye mtoto alilala. Fartun alikuwa ameketi kwenye benchi, mgongo ukutani, macho mekundu.

"Nimesikia ni Munyoki," akasema.

"Ndiye."

"Kwa miaka mitatu tumekula sahani moja. Afande, kile kitendawili. Nilikitafuta seli usiku wote ili nisifikirie mengine. Jibu ni nini?"

Mwongeli aliinama, akamwelekeza kwa kidole. Kisogo cha Ladan kilikuwa kimekaa kwenye kiwiko cha mama yake, na mkono wote, mpaka ncha ya kidole cha kati, ulikuwa umenyooka chini ya mgongo wa mtoto.

Fartun aliutazama mkono wake mwenyewe muda mrefu. Kisha akafunika uso wa mtoto kwa mtandio, na hapo ndipo alipoanza kumlilia mzee Mbaluka.